Vidole vya mjukuu wangu vilinikumbusha kosa la mwaka 1986

Mjukuu wangu ana miaka 13. Mwaka wa masomo ulipoanza hapa Muscat alirudi nyumbani amekumbatia sanduku jeusi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kumshika. "Babu, nimechaguliwa bendi! Nimepewa klarineti." Mama yake, yaani binti yangu, akanitupia jicho. Hadithi zangu za bendi zimemchosha tangu yuko mdogo. Mimi nilifurahi hata chai ikanipoa mkononi.

Wiki ya nne furaha ikaingia doa. Mtoto alianza kujikuna vidole, hasa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, na gumba la kulia pale klarineti inapoegemea. Kwanza palikuwa pekundu, kisha pakatoka vijipele vyenye maji, kisha ngozi ikakauka na kupasuka. Mama yake akasema ni sabuni ya vyombo. Bibi yake akasema ni joto, akampaka mafuta ya nazi. Mimi sikusema kitu. Niliichukua ile klarineti nikaipeleka karibu na dirisha nikavitazama vibonyezo vyake, kisha nikamshika mtoto mkono nikautazama na wenyewe.

Ndugu msomaji, nilikaa kitini. Mkono ule nilishauona. Niliuona mwaka 1986, ukiwa wa mwanafunzi wangu, na sikuuguza; niliuhukumu.

Zumari la kizungu

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Wazee wangu walikuwa Waarabu wa mjini, na sekondari nilisoma shule ya misheni. Ibada zao hatukulazimishwa, lakini bendi ilikuwa wazi kwa kila atakaye. Padre mmoja mzee ndiye aliyenitia klarineti mkononi. Nilipoipeleka nyumbani mara ya kwanza, marehemu bibi yangu aliitazama akasema, "Hili ni zumari la kizungu." Hakukosea sana. Zote mbili zina tete na zote mbili hupulizwa. Ila zumari letu lina matundu matupu, na klarineti imejaa vyuma.

Aliyeibuni alikuwa fundi wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, Johann Christoph Denner, karibu na mwaka 1700. Klarineti za mwanzo zilikuwa na vibonyezo 2 tu, vya shaba ya manjano. Katika miaka ya 1830 na 1840 mjini Paris, mpigaji Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet walitengeneza mpangilio ambao mpaka leo watoto wetu wengi wanaupiga, wenye vibonyezo 17 na pete 6 zinazozunguka matundu. Kwa hivyo mtoto akishika klarineti, vidole vyake havigusi mti peke yake. Vinagusa chuma muda wote, na gumba la kulia linabeba uzito wote.

Na huo mti ni wetu. Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo unaosifika kwa kazi hiyo hutoka kusini mwa Tanzania, pande za Kilwa na Lindi, na kaskazini mwa Msumbiji. Mti umetoka kwetu ukaenda Ulaya, ukarudi Ghuba ndani ya sanduku jeusi. Klarineti ya mjukuu wangu, kwa kuwa ni ya kuanzia, ni ya plastiki. Lakini vyuma vyake havina tofauti kubwa na vya ile niliyopiga mimi.

Chuma cha kuchovya

Sisi watu wa pwani na wa Ghuba somo la madini tunalijua kwa njia ya harusi. Kila mama anajua tofauti ya dhahabu yenyewe na dhahabu ya kuchovya. Vibonyezo vya klarineti ni mambo hayo hayo ya kuchovya.

Ndani, mwili wa kibonyezo kwa kawaida ni mchanganyiko unaoitwa fedha ya Kijerumani. Jina hilo limewadanganya wengi, kwa sababu ndani yake hamna fedha hata chembe. Takriban asilimia 60 ni shaba, na iliyobaki ni nikeli na zinki. Wachina walikuwa na mchanganyiko wa namna hii zamani, na Wajerumani walifanikiwa kuutengeneza katika miaka ya 1820. Ni mweupe, ni mgumu, na hufulika vizuri, ndiyo maana mafundi wa ala waliupenda. Lakini ukiachwa wazi hufubaa, hutoa harufu ya sarafu, na kwa jasho shaba iliyomo huanza kutoa kijani.

Kwa hivyo hufunikwa. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza ya kuchovya fedha kwa nguvu ya umeme, na kazi hiyo ikaenea kwa vijiko, mabirika na ala za muziki. Leo vibonyezo vingi huchovywa nikeli au fedha. Wachache wenye uwezo huchovya dhahabu.

Nikeli ni ngumu na ya bei nafuu, na ndiyo utakayoikuta kwenye klarineti nyingi za shule. Inang'aa kama kioo na ina umanjano wa mbali sana. Vidole vikiwa na jasho huteleza juu yake. Fedha ni nyeupe zaidi na laini zaidi, na wapigaji wengi husema vidole huishika vizuri. Lakini huchakaa mapema kuliko nikeli, na hupiga weusi.

Weusi, ukungu na kijani

Mzazi akifungua sanduku la klarineti ya mwanawe akaona rangi imebadilika, asikimbilie kitambaa. Kwanza aangalie ni rangi gani, maana kila rangi ina sababu yake.

Weusi, au hudhurungi inayoelekea weusi, ni wa fedha. Hauletwi na maji peke yake. Unaletwa na salfa, ile ambayo wazee wetu huiita kibiriti upele. Salfa iliyo hewani, kwenye mpira, kwenye sufi, kwenye yai na kitunguu, hushikana na fedha ikafanya utando mweusi, na unyevunyevu huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana kijiko cha fedha hakifai kulia mayai. Ndiyo maana pia mkufu wa fedha wa bibi, au mrashi wa marashi uliofungiwa kabatini, ukiutoa baada ya mwaka umekuwa kama uliopitishwa moshini.

Ukungu wa kijivu, usiotoka hata ukifuta, kwa kawaida ni wa nikeli. Nikeli haipigi weusi kama fedha. Hufifia, kama kioo kilichopumuliwa. Ukungu ule ukishaingia hautoki kwa kufuta.

Umanjano unaochungulia katikati ya weupe, hasa pale kidole kinapogusa, maana yake ni kuwa ule mchovyo umeisha, na sasa unaiona fedha ya Kijerumani yenyewe. Kijani kinachofuata ni kutu ya shaba. Hapo kidole cha mtoto kinagusa shaba na nikeli, hata kama klarineti iliuzwa kwa jina la fedha.

Kutu nyekundu ni ya chuma cha pua, yaani springi ndogo kama sindano na misumari inayoshikilia vibonyezo. Hiyo ni hatari kuliko zote kwa klarineti, kwa sababu springi ikikatika kibonyezo hakirudi.

Na jambo ambalo ningependa wazazi walishike ni hili: weusi wa fedha hauharibu sauti. Klarineti yenye vibonyezo vyeusi hupiga sawa na inayong'aa. Kinachoharibu ni pedi kuvuja, springi kulegea na mti kupasuka. Wengi huanza kuharibu klarineti siku wanapoamua kuing'arisha.

Yule kijana

Sasa nirudi mwaka 1986. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya pwani, na kwa kuwa nilijua klarineti, nikapewa bendi. Tulikuwa na klarineti 4 kuukuu zilizoletwa na wafadhili kutoka Ulaya, vibonyezo vyake vya fedha ya kuchovya, vimekwisha pita mikono mingi. Moja nilimpa kijana wa miaka 16, mtoto wa kibarua wa bandarini. Alikuwa na masikio. Wimbo ukipigwa mara moja redioni, jioni ameshaupata.

Baada ya miezi miwili alinijia, akanionyesha vidole. "Mwalimu, vinawasha." Nikatazama, nikaona vipele kati ya vidole na kwenye ncha. Bweni letu lilikuwa na upele wakati ule, watoto wanalala wamebanana. Basi mimi nikakata shauri: upele. Nikampeleka zahanati ya shule, akapewa dawa ya upele ya enzi zile, mafuta yaliyochanganywa na kibiriti upele. Akaambiwa apake asubuhi na jioni.

Ewe msomaji uliyesoma mistari ya juu, umeshaona kilichofuata. Mimi sikukiona.

Kijana akapaka dawa, akaja mazoezini, akashika klarineti. Salfa ya mafuta ikakutana na fedha. Kwa siku chache tu vibonyezo vya klarineti yake vikawa vyeusi tii, na zile 3 nyingine ziko vilevile. Nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia ana uchafu, hanawi mikono, hajui thamani ya kitu alichopewa. Nikampa wiki moja vibonyezo viwe vyeupe.

Akaenda akafanya alichomwona mama yake akifanya kwa sinia za shaba: ndimu na majivu. Alisugua usiku na mchana. Weusi ukatoka, na fedha iliyobaki ikatoka nao. Aliponiletea, vibonyezo vilikuwa vya manjano, pedi zimelowa na kuvimba, springi mbili zina kutu. Na vidole vyake vilikuwa vibaya kuliko mwanzo, vimepasuka vinatoa maji, kwa sababu sasa vilikuwa havigusi fedha hata kidogo.

Sikuvitazama vidole. Niliitazama klarineti. Nikaandika kwenye daftari la shule kwamba ameharibu mali, baba yake akakatwa fedha za fidia, na kijana nikamtoa bendini. Alinikabidhi lile sanduku mbele ya wote. Hakujitetea. Miaka yote nilipolikumbuka jambo lile nilijiambia nilikuwa mwalimu mkali wa haki.

Vibandiko mgongoni

Mjukuu wangu tulimpeleka kwa daktari wa ngozi. Binti yangu alitaka tuanze na dawa ya duka. Nikakataa, nikamwambia, "Mwanangu, safari hii tusikisie." Daktari alimuuliza mtoto maswali ambayo mimi singeyafikiria. Je, hereni za bei rahisi humwashia masikio? Ndiyo. Je, kitufe cha suruali ya jinzi huacha alama chini ya kitovu? Ndiyo, tena mama yake alidhani ni mkanda unabana. Je, vidole viliwasha likizo, klarineti ikiwa imefungwa? La, vilipoa.

Wakambandika vibandiko mgongoni, kila kimoja na kitu chake, akakaa navyo siku 2 bila kulowesha mgongo. Vilipotolewa, na waliporudia kutazama siku 2 baadaye, mahali pa nikeli palikuwa pamevimba pekundu. Kwengine kote ngozi iko salama.

Daktari akatueleza. Jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo kutoka kwenye chuma. Kwa watu wengi haina neno. Lakini mwili wa baadhi ya watu ukishaizoea kama adui, kila inapogusa ngozi huja muwasho. Si uchafu na hauambukizi. Lakini pia hauondoki. Mtu huishi nao kwa kujua asiguse nini. Ni mojawapo ya mizio ya ngozi iliyo mingi, na wasichana huipata sana kwa sababu ya kutoboa masikio na kuvaa hereni za nikeli.

Nilitoka pale kimya. Binti yangu akaniuliza, "Baba, kuna nini? Si ugonjwa mkubwa." Nikamwambia si huyu ninayemfikiria.

Msiyafanye haya

Nayaandika haya kwa sababu watoto wetu wengi huku wanajifunza ala hizi. Oman ina okestra yake ya kifalme tangu 1985, jumba la opera la Muscat lilifunguliwa 2011, na shule nyingi za Ghuba zina bendi. Wazazi wananunua au wanakodi klarineti, lakini nyumbani hakuna aliyewahi kuitunza. Na nyumba zetu zina ujuzi wake wa kusafisha vyuma, ujuzi mzuri, lakini si wa klarineti.

Ndimu, ukwaju na majivu ni kwa sinia na mabirika ya shaba tupu. Tindikali na mchanga vikigusa kitu cha kuchovya, huondoka na mchovyo.

Binti yangu husafisha vyetezo na mikufu ya fedha kwa karatasi ya alumini, soda ya kupikia na maji ya moto. Ni njia nzuri. Alumini huichukua ile salfa, na fedha hurudi kuwa fedha. Harufu kama ya yai bovu utakayoisikia ni salfa inaondoka. Lakini kibonyezo cha klarineti kina pedi ya karatasi na sufi iliyobanwa, kina kizibo na kina springi ya chuma cha pua. Ukikitia majini umekwisha.

Dawa za kopo za kung'arisha shaba ni mchanga laini ndani ya maji makali. Huingia kwenye vifundo vya vibonyezo zikakauka, na kibonyezo kikaanza kuganda. Dawa za kuchovya vito pia acha, hazikutengenezwa kwa kitu chenye springi na pedi.

Usimpelekee sonara wa Mutrah akuchovyee upya. Mafundi wale ni hodari, lakini vibonyezo vinazunguka ndani ya vijibomba vilivyopimwa kwa unene wa unywele. Ukiongeza tabaka la fedha bila kupima, havizunguki tena. Kuchovya upya ni kazi ya fundi wa ala: huvua kila kitu, pedi na springi, husugua, huchovya, kisha huvaa na kurekebisha upya. Kwa klarineti ya kuanzia, gharama yake yaweza kupita bei ya kununua nyingine.

Yanayofaa

Mtoto anawe mikono kabla ya kupiga. Akiwa ametoka kula mayai, au kachumbari yenye kitunguu, ndiyo zaidi. Jasho na chakula ndivyo hula mchovyo.

Akimaliza, apitishe kitambaa ndani ya bomba kukausha mate, kisha afute vibonyezo vyote kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu, bila dawa. Dakika 2 zinatosha. Huku pwani ya Ghuba, ambako kiangazi hewa ina chumvi na unyevu, hizo dakika 2 zina thamani kuliko dawa yoyote. Kitambaa kilicholowa kisifungiwe ndani ya sanduku.

Raba za kufungia karatasi zisikae sandukuni, kwani mpira huwa na salfa. Mdomo wa klarineti ukiwa wa eboniti nao ni mpira uliopikwa na salfa. Uwe na mfuko wake. Na nyumba ikifukizwa ubani au udi, sanduku lifungwe. Moshi huacha utando juu ya kila kitu, na vumbi hushika hapo.

Kikiwa cha fedha na weusi umekukera, tumia kitambaa maalumu cha fedha, kwa wepesi, juu ya kibonyezo tu, bila kugusa pedi. Lakini jua kuwa kila unapong'arisha unaondoa fedha kidogo. Mara moja kwa mwaka inatosha, na bora zaidi ifanywe na fundi anapovua vibonyezo kwa ukaguzi. Huyo pia atatia tone dogo la mafuta ya ala kwenye vifundo. Mafuta ya kupikia na ya cherehani yaache jikoni na chumbani.

Na klarineti ya mpingo isiachwe ndani ya gari wakati wa joto, wala mbele ya upepo wa eyakondishani. Mti hupasuka kwa kukauka ghafla, na hapo hatuzungumzii tena rangi ya vibonyezo.

Kama mtoto ana mzio wa nikeli, dalili ni hizo nilizozieleza, na mwamuzi ni daktari. Sisi tulifanya hivi. Tulirudisha ile ya nikeli shuleni pamoja na barua ya daktari, na mwalimu wake wa muziki akatusikiliza vizuri. Tukatafuta iliyotumika yenye vibonyezo vya fedha, na fundi akaikagua kuona mchovyo haujaisha popote. Kwenye kishikizo cha gumba tukavisha kijingozi. Sehemu moja ndogo yenye umanjano nimeipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Hukwanguka, unapaka tena. Mjukuu wangu aliniuliza kama inazuia udhu. Nikamwambia tumepaka klarineti, hatukupaka kucha.

Mtoto mwingine huenda fedha isimtoshe, akahitaji vibonyezo vya dhahabu, au akahamia ala nyingine. Hilo nalo si msiba. Lakini asiambiwe avumilie.

Simu

Ilibaki deni langu. Wanafunzi wangu wa zamani wana kundi lao la WhatsApp, na mmoja akanipa namba. Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, yuko Dubai miaka mingi. Nilikaa na ile namba siku 9. Mke wangu akaniambia, "Wewe uliyekuwa ukiwaamrisha watoto waombe radhi kwa sekunde moja!" Nikapiga.

Alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja. "Shikamoo Mwalimu." Nikamjibu marahaba, nikamuuliza hali, kisha nikamuuliza swali moja: vidole vyake vinawasha bado?

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwalimu, hata saa ya mkono ya chuma siwezi kuvaa. Nilipokuja huku daktari akaniambia ni nikeli. Nina mkanda wa ngozi." Nikamweleza yote: ile dawa ya upele, ule weusi, ndimu na majivu. Nikamwambia hakuharibu yeye. Niliharibu mimi, kwa kumpa chuma kilichokwisha, kisha dawa isiyo yake, kisha adhabu isiyo yake.

Akasema fidia baba yake alishaisahau kabla hajafa, Mungu amrehemu. Kilichomkaa yeye ni kutembea hatua zile za kurudisha sanduku, wenzake wanatazama, na kwamba tangu siku ile hakugusa ala. "Si kwa sababu ya vidole, Mwalimu. Nilidhani kweli mimi mchafu."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, na akasema pia kwamba isingekuwa vizuri kuniambia haikuuma. Nilimshukuru kwa yote mawili.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alipiga kwenye hafla ya shule. Nilirekodi kwa simu nikampelekea yule wa Dubai. Alisikiliza, akaniandikia: "Nota ya tatu toka mwisho iko chini kidogo. Mwambie atazame pedi." Tukatazama. Kweli, pedi moja ilikuwa inavuja.